Nilivyofundisha Viunzi vya Wanyama kwa Vitu vya Soko la Samaki

Ninafundisha baiolojia katika shule ya sekondari hapa Malindi, na kwa muda mrefu mada ya viunzi vya wanyama niliifundisha kwa chati moja ya ukutani yenye mifupa ya binadamu. Wanafunzi walikariri kwamba mtu mzima ana mifupa 206 na kwamba viunzi ni vya aina tatu, yaani cha maji, cha nje na cha ndani, lakini ukiwauliza kaa hufumbaje gando lake walitazamana tu. Ndipo nikaamua kuanza na msuli. Msuli huvuta, hauwezi kusukuma. Kwa hiyo kila mnyama anayejongea anahitaji kitu ambacho misuli yake itakivuta, pamoja na msuli mwingine wa kukirudisha kilipokuwa, na kazi hiyo ndiyo inayofanywa na kila kiunzi, kiwe cha namna gani.

Kaa ndiye aliyetufaa kuliko wote. Nilinunua magando mabichi makubwa ya kaa wa mikoko, nikayapasua upande wa shina na kuondoa nyama kwa uangalifu, mpaka vikabaki vibao viwili vyembamba vinavyoangaza, vile ambavyo mlaji wa kaa huvitema bila kuvifikiria. Ukikishika kwa koleo kile kibao kikubwa na kukivuta, gando hufumba. Ukivuta kile kidogo, hufumbua. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hiki umekitia wewe?" Nilimwonyesha kwamba kibao hicho ni sehemu ya gamba lenyewe iliyokunjwa kuingia ndani, na kwamba misuli hujishikiza hapo. Msuli wa kufumba ni mkubwa mno ukilinganishwa na ule wa kufumbua, na ndiyo maana wauzaji huweza kulizuia gando la kutisha kwa kamba nyembamba tu. Hasara ya kiunzi cha nje ni kwamba hakikui: kaa hulazimika kujivua gamba, akajaza mwili maji ili gamba jipya lililo laini litanuke kabla halijakauka, na muda huo wote hujificha kwa sababu hana kinga.

Kwa kiunzi cha maji nyungunyungu wa shambani walitosha. Maji yaliyomo mwilini mwake hayashindiliki, basi misuli ya mzunguko ikibana, mwili hurefuka, na misuli ya urefu ikivuta, hunenepa. Mkono wa pweza hufuata kanuni hiyohiyo, ila hapo nyama yenyewe ndiyo inayoshika nafasi ya maji. Kwa kuwa sehemu yake ngumu ni mdomo tu, pweza hupenya tundu lolote ambalo mdomo huo unapita.

Kazi iliyonichosha ilikuwa ya mbuzi. Baada ya kuondoa nyama kwa kisu, niliitia mifupa katika ndoo za maji mbali na nyumba za watu, kwa maana harufu yake haisemeki, na kila mguu niliufunga katika kipande chake cha wavu ili vifupa vidogo visichanganyike. Joto la pwani huharakisha uozaji. Sikutumia dawa ya kupaushia nguo, kwani hula mfupa. Nilitumia haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa. Nilipoanza kuunga kwa keekee na waya niligundua kwamba miguu ya mbele haina mahali pa kufungwa: mbuzi hana mtulinga, yaani mfupa unaounganisha bega na kidari, na mfupa wake wa bega umeshikwa na misuli peke yake, kwa hiyo nyama ikishaondoka, mguu hujitenga. Shingo ilikuwa na pingili 7, sawa na ya mwanafunzi aliyezihesabu, na sawa na ya twiga.

Mfupa wa kuku uliolowekwa katika siki hadi ukapindika ulionyesha kwamba ugumu hutokana na chumvi za kalisi, ambazo mwili huziweka humo na kuzichota zinapohitajika. Mfupa wa mbuzi uliopasuliwa ulionyesha uboho, ambamo seli za damu huundwa. Papa, ambaye kiunzi chake ni gegedu tupu, tulimpitia haraka. Gamba la kasa nilikataza lisiletwe kwa sababu ya sheria ya wanyamapori, ingawa lingefaa sana: limeungana na mbavu na uti wa mgongo, na hivyo ni kiunzi cha ndani, si cha nje kama wengi wanavyodhani.

Mwishowe tulikwenda Makumbusho ya Malindi kumtazama silakanti aliyevuliwa karibu na hapa mwaka 2001, samaki wa jamii iliyodhaniwa kutoweka zamani hadi mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Badala ya pingili, mgongoni ana mrija mgumu uliojaa umajimaji. Wanafunzi waligawanyika, wengine wakamweka pamoja na nyungunyungu. Jibu langu lilikuwa kwamba kiunzi chake ni cha ndani, kwa kuwa ana fuvu na mapezi yenye mifupa, na mrija ule hushikilia mwili ili misuli ya pande mbili iupinde kwa zamu, kama uti wa mgongo ufanyavyo kwa samaki wengine.