Paa linavuja, nani alipe?

Jana usiku tumemaliza kikao cha wamiliki wa jengo letu, na hadi sasa moyo haujatulia. Paa linavuja. Wa ghorofa ya juu wanalala na ndoo chumbani, wa chini wanauliza kwa nini wachangie maji yasiyowafikia.

Mimi nakaa chini, na nilisimama nikasema tulipe. Paa ni sehemu ya pamoja, sawa na msingi, ngazi na mabomba makuu. Siku msingi ukipasuka, hao wa juu tutawafuata na mkono wazi.

Kazi ilikuwa kwenye kiasi. Wengi walitaka kila mlango utoe sawa, yaishe. Lakini kuna mzee mstaafu mwenye chumba kimoja, na jirani yake ana vinne. Sawa hapo ni sawa gani? Mfumo huu wa umiliki, wa kila mtu kuwa na nyumba yake na sehemu za pamoja kuwa za wote, uliowekewa sheria New South Wales, Australia, mwaka 1961, huipa kila nyumba kiwango chake, yaani fungu lake la umiliki ndani ya jengo, na mchango hufuata kiwango hicho. Kwetu kimeandikwa kwenye hati. Hakuna aliyekuwa ameisoma! Nimeumia kwa hilo, maana tumegombana miaka bure.

Na mfuko wa akiba hatukuwa nao. Ada yote iliishia kwenye usafi na taa.

Tulipotoka, yule mzee alinishika mkono. "Mwanangu, kiasi hicho nitakiweza." Fundi anakuja Jumatatu.