Shimo la moramu: hesabu kwanza, buldoza baadaye

Shimo la moramu, ile changarawe ya kuchimbwa inayotandazwa barabarani, huharibika mapema, siku ileile buldoza linapoingia na kusukuma udongo mweusi pamoja na changarawe. Baada ya hapo hakuna maabara itakayokuokoa.

Moramu nyingi ya huku kwetu ni tabaka jembamba. Juu kuna udongo wa shamba wa sentimita 15 hadi 30, halafu moramu yenyewe, mara nyingi mita moja au moja na nusu tu, na chini yake mfinyanzi wenye mabaka meupe na mekundu. Mfinyanzi huo ukichanganyika na moramu, barabara itapitika kiangazi, masika magari yatalala njiani. Na wekundu wa udongo hauthibitishi kitu: kuna udongo mwekundu kama damu usio na kokoto hata moja.

Kabla ya kukubaliana bei na mwenye shamba, chimba mashimo ya majaribio kila mita 30 hadi 50, kwa mistari inayokatana, hadi ufike mfinyanzi. Andika kila shimo: udongo wa juu unaishia wapi, moramu inaanzia wapi, inaishia wapi. Sampuli ichukuliwe kwa kukwangua ukuta wa tabaka lote, juu hadi chini, kilo 60 hivi. Kuokota kokoto nzuri zilizolala juu ni kujidanganya, na maabara itapima uongo wako kwa uaminifu. Mashimo hayo yafunikwe siku hiyohiyo. Mbuzi na watoto hawasomi vibao.

Maabarani omba mchanganuo wa chekeche (ukubwa wa punje), kusinyaa kwa udongo, na CBR, yaani kipimo cha nguvu ya udongo kubeba mzigo, ya sampuli iliyolowekwa siku nne. Kwa barabara isiyo na lami, mwongozo wa Afrika Kusini, TRH 20, una hesabu mbili rahisi. Ya kwanza: zidisha asilimia ya kusinyaa kwa asilimia inayopita chekeche ya milimita 0.425. Moramu inayosinyaa 6% na kupitisha 35% inapata 210. Kati ya 100 na 365 ni salama. Chini ya hapo barabara hufanya matuta ya ubao wa kufulia na kokoto hutawanyika, juu ya hapo huteleza. Ya pili: toa asilimia inayopita milimita 2 kwenye ile inayopita 26.5, zidisha kwa inayopita 4.75, gawanya kwa 100. Jibu liwe kati ya 16 na 34. Likipungua, maji yataikwangua barabara. Likizidi, kokoto hazishikani.

Sasa kiasi. Barabara ya kilomita 5, upana mita 6, unene milimita 150 baada ya kushindiliwa, inahitaji meta za ujazo 4,500. Ikiwa imelegea kwenye tipa, moramu hiyo huwa takriban mara 1.3, yaani 5,850: tripu 585 za tipa la meta za ujazo 10. Ardhini, kabla ya kuchimbwa, ni karibu 4,900. Ongeza inayopotea, panga 5,500. Kama unene unaochimbika ni mita moja, unahitaji meta za mraba 5,500, mbali na sehemu ya kulundika udongo na kugeuzia magari. Pima bodi la kila tipa kwa futi kamba, maana "meta kumi" ya dereva mara nyingi ni nane. Barabarani, tripu moja kamili inatandazwa urefu wa mita 8.5, chora alama za chokaa, la sivyo unene utaisha kilomita ya tatu.

Kuhusu vibali: maandishi na mwenye ardhi, serikali ya kijiji ikishuhudia, leseni kutoka Tume ya Madini, na suala la mazingira kwa NEMC, baraza la mazingira la Tanzania. Anza mapema.

Kazi ikianza, udongo wa shamba ulundikwe pembeni, usizidi mita 2 kwenda juu, upande ambao hautahitaji kuuhamisha tena. Chimba mfereji upande wa mlimani kuzuia maji, na sakafu ya shimo iinamie mlangoni. Buldoza lisukume moramu kutoka juu hadi chini ya tabaka kwa pamoja ili ichanganyike, lilundike, ndipo kijiko kipakie kutoka kwenye lundo. Mpe opereta amri moja: mabaka ya mfinyanzi yakionekana, inua blade. Mawe makubwa yatolewe shimoni, si barabarani ambako greda litayaburuta na kuacha mifereji. Wapakiaji wa koleo wasichimbe pango chini ya ukuta. Ukuta wa moramu hauna dalili kabla ya kuanguka.

Kufunga shimo kunahitaji mashine ingali hapo. Kingo zilazwe mita 3 kwa kila mita 1 ya kimo, sakafu ipasuliwe kwa kucha za buldoza, udongo wa shamba urudishwe juu na kupandwa nyasi mvua zinapoanza. Shimo likiachwa na maji ni bwawa la mbu na la kuzama watoto. Sehemu ya malipo ya mkandarasi ibaki mkononi mwako hadi kingo zilazwe, kwa sababu buldoza likishapandishwa kwenye trela halirudi.