Siku ya Onyesho Chavakali

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nahesabu maleba: kofia ya chifu, leso, miwani isiyo na vioo. Mimi ndiye msimamizi wa jukwaa wa kundi letu la kuigiza vitabu teule vya mtihani mashuleni, na vazi likibaki hapa Kondele, Kisumu, chifu atatoka na jinzi.

Saa moja. Tunapita Kiboswa, Majengo, Mbale, kuelekea shule ya leo Chavakali. Kwenye matatu waigizaji wanapitia majibizano ya mume na mke. Dereva anatupa jicho kwenye kioo, hana hakika kama aamue ugomvi.

Saa tatu. Ukumbi ni bwalo la chakula. Tunaunganisha meza, tunaweka kadibodi chini ya mguu unaoyumba. Mwigizaji mgeni namweleza tena: kulia kwa jukwaa ni kulia kwako wewe unapotazama hadhira, si kulia kwangu niliyekaa huku. Nikisema shuka, njoo mbele. Panda, rudi nyuma. Majukwaa ya zamani ya Ulaya yaliinama kuelekea watazamaji, lugha hiyo ikabaki.

Saa nne. Kabla ya kitabu tunawachangamsha kwa kichekesho chetu. Mke kajificha nyuma ya pazia (shuka la bweni, tumeazima). Mume anaingia, anampigia rafiki simu, anamwaga siri zote. Kidato cha nne kinalipuka: "Yuko nyuma yako!" Hicho ndicho kinaya cha kidrama, hadhira kujua asilolijua mhusika. Sophocles, mtunzi wa tamthilia wa Ugiriki ya kale, alikitumia kwa Oedipus, mfalme anayemsaka muuaji kumbe ni yeye mwenyewe.

Saa saba. Maswali, sehemu niipendayo kuliko onyesho lenyewe.

"Mwalimu, ile simu ni uzungumzi nafsia?"

Swali zuri. Hapana, kuna mtu upande wa pili, hata kama hatumsikii. Uzungumzi nafsia ni mhusika kusema yaliyo moyoni bila kumlenga mhusika mwenzake.

Mwingine: lazima mtu afe ndipo tamthilia iwe tanzia, yaani ya huzuni? Namrudisha kwa Oedipus. Mwisho wa tamthilia hiyo yu hai, kajitoboa macho, na ufalme umemponyoka. Tazama anguko, usihesabu maiti.

Kisha nikauliza mimi: nani husoma yaliyo kwenye mabano? Kimya. Maelekezo ya jukwaani huyaruka wote, halafu katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi katika KCSE, wanaulizwa hali ya mhusika wanabahatisha. Nikamsimamisha mwigizaji mmoja aseme "Sawa" (akicheka), halafu "Sawa" (akibamiza mlango). Mlango wa bwalo ulitikisika hadi mpishi akachungulia. Kalamu zikaanza kuandika.

Saa kumi. Tumelipwa, tumekula githeri, tunafungasha. Kesho ni Luanda, hapa hapa Vihiga, na huko tunachezea uwanjani, hakuna ukumbi. Mke itabidi ajifiche nyuma ya mti.