Paa la mikono miwili isiyolingana: nilivyolichora kwenye Revit mpaka mgongo ukanyooka

Anayekwambia "wewe panga vyumba, paa utalimalizia tu" hajawahi kushika nyumba ya kiwanja cha kona. Neno hilo nimelisikia kwa wachoraji wenzangu hapa Dodoma tangu nianze kazi, na linanikera mpaka leo, kwa sababu anayelipa gharama ya "utalimalizia tu" ni mwenye nyumba, siku mabati yanapofika hayatoshi au yamezidi.

Nyumba ninayotaka kuieleza iko Nzuguni, barabara ya mtaa inapojipinda. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu. Kuta zilikuwa zimeshafika lenta kwa ramani aliyochorewa na mtu mwingine, na kwenye ramani ile paa lilikuwa mistari michache iliyopigwa juu ya vyumba, bila mteremko wala kipimo. Nyumba ina mikono miwili. Mkono mkubwa una upana wa mita 9. Mkono mdogo una mita 6, na haukukaa pembe mraba na mwenzake, umefunguka kama nyuzi 120 kuifuata barabara. Mwisho wa mkono mdogo kuna gereji ambayo ukuta wake mmoja unafuata mpaka wa kiwanja, kwa hiyo upande mmoja ni mpana kuliko mwingine.

Mama alikuwa na sharti moja. "Binti yangu, mgongo wa paa uwe mmoja. Nikisimama barabarani nione kofia imenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, isipande wala kushuka."

Nikaomba ushauri kwa watu ninaowaheshimu. Mmoja akasema nimshawishi Mama aweke paa la kuficha, lile linalojificha nyuma ya kuta, kama nyumba nyingi mpya za Dodoma. Hakutaka, na nyumba ni yake. Mwingine akasema nivunje kuta za mkono mdogo nizirudishe kwenye pembe mraba. Kuta za tofali zilizoshafikia lenta! Wa tatu akanambia Dodoma hakuna mvua, nichore chochote, maji hayatapata nafasi ya kuvuja. Huyu ndiye aliyenikasirisha kuliko wote. Ni kweli mwaka mzima hatufikishi milimita 600 kwa wastani, na ndiyo maana Wagogo waliweza kukaa kwenye tembe zenye paa la udongo lililokaribia kuwa bapa. Lakini mvua hiyo yote inashuka katika miezi michache, kati ya Desemba na Aprili, na ikishuka inamwagika. Vali mbovu, yaani ule mfereji pale pande mbili za paa zinapokutana kwenye kona ya ndani, haisubiri mvua nyingi, mvua moja ya Januari inatosha kuozesha dari.

Wa nne ndiye aliyenipeleka kwenye kazi yenyewe, ingawa njia yake haikufaa. Alisema nichore paa bapa kwenye Revit, programu ya kuchora majengo, niongeze nukta pale mgongo unapopita, kisha nizinyanyue moja moja. Nilifanya hivyo. Kwenye picha paa lilipendeza sana. Tatizo ni kwamba paa la namna hiyo halijui mteremko, linajua urefu wa kila nukta tu. Nilipopima kwenye mchoro wa mkato nikakuta mteremko wa mkono mdogo ni namba isiyotokana na uamuzi wowote, na paa lilipita juu ya lenta kwa urefu tofauti katika kila mkono. Fundi kenchi, anayejenga mbao za paa, angefanya nini na mchoro kama huo? Na ujue kabisa, vifaa vile vya kunyanyua nukta vinafanya kazi kwenye paa bapa peke yake. Ukishaupa ukingo mmoja mteremko, havipatikani tena. Watu wanavitafuta usiku kucha wakidhani kompyuta imeharibika.

Nilichokijua baada ya hapo ndicho ninachomwambia kila anayeniuliza: mgongo hauchorwi. Mgongo ni mahali bapa mbili za paa, yaani pande zake zinazoteremka, zinapokutana juu. Wewe unaamua mambo mawili tu kwa kila bapa, inaanzia ukuta gani na inapanda kwa mteremko gani, halafu mgongo, vali na pembe zote (mistari ya paa inayopanda kutoka kona za nje) zinajitokeza zenyewe.

Kwa hiyo swali la Mama likawa hesabu. Ukiipa mikono yote nyuzi 25, mkono mkubwa unapanda nusu ya upana wake, yaani mita 4.5 mara tanjenti ya 25, unapata mita 2.10. Mkono mdogo ni mita 3 kwa mteremko huohuo, mita 1.40. Tofauti ni sentimita 70, na hizo ndizo Mama hakutaka kuziona. Wachoraji wengi huacha hivyo, mgongo mdogo ukaingia ubavuni mwa paa kubwa, na si vibaya, ila hakuagiza hivyo.

Nikageuza hesabu. Badala ya kuanza na mteremko nikaanza na urefu wa mgongo, kisha kila mkono nikautafutia mteremko wake. Ukibaki na nyuzi 25 kwenye mkono mkubwa, mkono mdogo unahitaji 35 ili kuufikia. Huo ni mwinuko mkali, unakula mbao na unapokea upepo, na upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi tunaujua. Nikashusha mkono mkubwa hadi nyuzi 20. Mita 4.5 mara 0.364 ni mita 1.64. Gawanya kwa 3, unapata 0.546, na kikokotoo cha simu kikanipa nyuzi 28.63. Andika desimali zote mbili. Ukiandika 28 au 29 kwa kupenda namba nzima, migongo itapishana kwa sentimita kadhaa na programu itakuzalishia kipande chembamba cha paa pale inapokutana, kipande ambacho hakuna fundi atakayekijenga.

Nikachora paa zima kwa mzunguko mmoja, si mapaa mawili ya kuunganisha baadaye. Kuta za urefu nikazitia mteremko, kuta za vichwani nikaondoa ile tiki ya mteremko ili zibaki na pembetatu. Mgongo ukatokea umenyooka kuanzia mkono mkubwa, ukapinda kwenye kona, ukaendelea mkono mdogo kwa kimo kilekile. Niliinuka kwenye kiti.

Furaha hiyo isikufanye upeleke mchoro kiwandani. Angalia kwanza fishabodi, ule ubao wa ukingo wa chini wa paa. Bati lilitakiwa kutokeza sentimita 60 nje ya ukuta pande zote. Kwenye mteremko wa 20, sentimita 60 zinashuka chini ya lenta kwa sentimita 22. Kwenye 28.63 zinashuka karibu 33. Sasa fishabodi mbili zinafika kwenye kona moja, moja iko sentimita 11 chini ya mwenzake. Gata utaiunganisha vipi? Hapa ndipo penye ujanja ninaojivunia: usiguse mteremko, punguza utokezo. Sentimita 22 gawanya kwa 0.546 unapata 40. Mkono mkubwa ukabaki na 60, mkono mdogo ukapewa 40, fishabodi zikakaa usawa mmoja na gata ikazunguka nyumba bila kuvunjika. Revit ina amri ya kusawazisha kingo hizi na itakuuliza ubadilishe urefu au utokezo. Chagua utokezo, kwa sababu ukichagua urefu itanyanyua paa juu ya lenta.

Haya yote yanategemea kitu ambacho wengi hawakiambiwi. Ukichora mzunguko wa paa kwa kubofya kuta, programu inahesabu mteremko kuanzia kwenye ukuta. Ukiuchora kwa mistari ya mkono, inahesabu kuanzia kwenye mstari ulioupiga, yaani ukingo wa nje. Nyumba ile ile, namba zile zile, paa mbili tofauti. Kama lenta imeshamwagwa, bofya kuta.

Fundi kenchi alinipinga kwenye vali, na nilimsikiliza kwa heshima maana ameezeka nyumba nyingi kuliko nilizochora. "Dada, vali siku zote inagawa pembe katikati." Nikamwambia, ni kweli fundi, pale miteremko inapolingana. Hapa haigawi. Chukua uzi, piga mstari wa katikati ya mkono mkubwa, piga wa katikati ya mkono mdogo, zinapokutana weka alama. Vali inatoka kona ya ndani kwenda kwenye alama hiyo, na pembe ya nje inakwenda hapohapo. Alifunga uzi juu ya lenta, akaurefusha hadi nje, ukapita sawasawa kwenye kona ya fishabodi. Akanyamaza, akasema, "Haya, tunakwenda na uzi."

Bado gereji. Rafiki yangu wa Dar es Salaam alinichorea kwenye SketchUp, programu nyingine ya kuchora, mgongo wa katikati ulionyooka juu ya kuta zisizo sambamba. Ukiitazama unaona programu imepiga mstari wa mshazari katikati ya bapa. Yeye akasema nifiche mstari huo. Mstari ule haukuja kwa bahati mbaya. Ukingo wa chini uko usawa, mgongo uko usawa, lakini haviko sambamba, basi nukta zake nne haziwezi kulala kwenye bapa moja. Programu imelikunja paa, na kuficha mstari hakuondoi mkunjo. Tulichukua kipande cha bati pale saiti, watu watatu wakashika pembe tatu, fundi akanyanyua pembe ya nne, kila aliyekuwepo akaona likipinda na kugoma. Kuta mbili zilizo usawa lakini si sambamba hazizai mgongo ulio usawa, hata ubadilishe programu.

Gereji nikaipa paa la upande mmoja. Ukingo mmoja tu una mteremko, ule ulio sambamba na mkono mdogo, kuta nyingine zinapanda kulificha. Kazi ya dakika chache, na hakuna mgongo wa kugombania. Mama aliikubali kwa sababu kofia yake ya barabarani haikuguswa.

Kwa mabati, tulitaka ya kukatwa kiwandani kwa kipimo, kwa hiyo urefu ulitoka kwenye mchoro. Mkono mkubwa, mita 4.5 na 0.6 gawanya kwa kosaini ya 20, ni 5.43. Mkono mdogo, 3.4 gawanya kwa kosaini ya 28.63, ni 3.87. Tukaagiza 5.45 na 3.90. Mabaki yalikuwa ya kwenye vali na pembe tu, na Mama aliokoa laki kadhaa ukilinganisha na makisio ya kwanza ya yule wa ramani ya mistari.

Idadi ya mabati usiitoe kwenye jedwali la programu. Jedwali linakupa eneo la paa, na eneo halijui kwamba bati linalala juu ya mwenzake. Muulize muuzaji upana unaobaki baada ya kulaliana kwa aina ya bati uliyochagua, piga mistari ya upana huo juu ya kila bapa ukianzia upande ambao upepo hauingii, kisha hesabu mistari. Kwenye vali pima kila bati kwa urefu wake mrefu kabisa.