Siku 28 za kutogusa hela

Wiki iliyopita mtoto wa mjomba kanipigia usiku mno, kapata ofa ya masta Uingereza kwa Septemba, anafurahi mpaka anapiga kelele kwenye simu, halafu swali la kwanza kuniuliza si baridi ikoje wala chakula, kaniuliza "dada, ile hela inakaa siku ngapi vile?" Nikacheka sana. Maana kwetu habari ya siku 28, zile ambazo hela ya kuombea viza ya shule Uingereza inatakiwa ikae benki bila kuguswa, imeshakuwa hadithi ya ukoo, na mimi ndo nimo ndani, na si kwa sifa nzuri.

Sasa ngoja niiandike yote, nimechoka kuituma vipande vipande kwa voisi noti.

Mwaka 2024 nilipata nafasi ya masta Leeds na chuo kikanipa skolashipu ya ada. Nyumbani Tanga ikapikwa pilau tukajua mambo yameisha. Kumbe ada ni kitu kimoja, hela ya kula na kulala ni kitu kingine, na hiyo ya pili Waingereza hawataki kusimuliwa, wanataka kuiona. Kipindi kile anayesoma nje ya London alitakiwa aonyeshe pauni 1,023 kwa mwezi, unazidisha kwa miezi 9 hata kama kozi yako ni ya mwaka mzima, inakuja pauni 9,207. Pauni ilikuwa inacheza kwenye shilingi 3,400 hivi, kwa hiyo hapo tunaongelea milioni 31 na ushee. Baba yangu mwalimu mstaafu. Mnaelewa.

Ikaitwa familia, kila mtu kaja na alichonacho. Mama kaleta habari ya kikoba, kwamba akivunja hisa zake na akikopa mara tatu yake inapatikana hela ya maana. Baba kaleta hati ya shamba la michungwa Muheza, kaifunga kwenye nailoni, kaiweka mezani kama mtu anayeweka silaha. Mjomba yeye ndo kaja na kubwa kuliko, stetimenti ya akaunti yake ya biashara, ina hela kuzidi hizo zinazotakiwa, kasema "mama chukua hii, waambie mjomba wako yupo."

Nikawa na kazi ya kuwaambia kwamba vyote vitatu havihesabiki. Hati ya shamba si hela. Kikoba hela iko kwenye daftari na kwenye sanduku la kufuli tatu, haiko kwenye akaunti yangu. Na mjomba si mzazi. Hapo ndo palikuwa pagumu, mjomba kanilea mimi toka darasa la nne mpaka la saba, viatu vya shule kaninunulia yeye, halafu namwambia kwa sheria za Uingereza hela ikiwa kwenye akaunti yako wewe haifai, inatakiwa iwe kwenye akaunti yangu mimi, au ya baba au mama nikiambatanisha cheti cha kuzaliwa na barua yao ya kukubali niitumie, au ya mlezi anayetambulika kisheria. Mjomba kaniangalia, kasema "kwa hiyo mimi ni nani?" Sikuwa na jibu. Bado sina.

Ila sheria haikatazi mjomba kukupa hela. Inakataza tu hela kubaki kwake. Basi mjomba kauza kiwanja chake cha Kange, nyingine akaongezea mama na baba, zote zikaingia kwenye akaunti yangu, na mkataba wa mauziano tukautunza vizuri, maana mtu akiona akaunti ilikuwa na laki mbili halafu ghafla milioni 31 ana haki ya kuuliza zimetoka wapi. Tarehe 12 Juni salio likasoma milioni 31 na laki nne. Nikaanza kuhesabu.

Sheria yenyewe ukiisoma ni fupi. Hela ikae siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya hiyo stetimenti isizidi siku 31 nyuma kabla hujalipia maombi ya viza. Basi. Mimi nikaielewa kama ninavyoelewa mambo mengi, yani mwanzoni iwepo na mwishoni iwepo. Sikuelewa neno mfululizo.

Tarehe 30 Juni bibi mdogo wa Pangani akafariki. Jumapili. Unajua misiba yetu ya pwani, mtu akifa asubuhi alasiri mnazika, hakuna muda wa kukaa mkachanga taratibu, inatakiwa sanda, inatakiwa mchele wa wageni, inatakiwa Kosta ya kuwatoa watu Tanga mpaka Pangani na kuwarudisha. Kaka kanipigia. "We si una hela benki?" Kweli ninayo. Nikahamisha laki nne kwa simu nikiwa nimesimama jikoni nimeshika mwiko, dakika moja haikufika, wala sikuiwazia mara mbili, na hata leo sioni ningefanyaje tofauti, ningesema nini, kwamba bibi asubiri mpaka tarehe 9 Julai?

Mjomba tarehe 4 Julai kanirudishia laki nne yote, akaniambia hiyo ya msiba nimeirudisha, usije ukakwama. Nikamshukuru, nikaendelea kuhesabu 23, 24, 25.

Tarehe 10 naenda kuchukua stetimenti, nikapitia kwa dada mmoja mtaani kwetu ambaye alishasoma huko, anipitishie macho kabla sijalipia. Akaiweka kwenye meza, kachukua kalamu nyekundu ya kusahihishia madaftari ya wanafunzi, anashuka nayo mstari kwa mstari kwenye safu ya salio. Kafika katikati ya ukurasa wa pili akasimama. Kapazungushia duara. "Hapa ulifanya nini?" Milioni 31 kamili, halafu makato ya muamala yakaila ikawa chini kidogo. Kiwango cha pauni ukikigeuza shilingi kinataka milioni 31 na laki tatu hivi. Akasema siku ya kumi na tisa, mdogo wangu, rudi mwanzo.

Yani ndo hivyo. Hawaangalii wastani, wala mwanzo na mwisho. Wanatafuta siku ambayo salio lilikuwa dogo kuliko zote ndani ya hizo 28, na hiyo ikiwa pungufu hata kwa elfu mbili, umepungukiwa. Ningelipia siku ile ningelipa pauni 490 za maombi na nikakataliwa kihalali kabisa. Hesabu ikaanza upya tarehe 4 Julai, siku hela iliporudi, mwisho wake tarehe 31.

Na kuna kamtego kengine ndani yake. Hawatumii bei ya pauni ya siku ulipoweka hela, wanatumia bei ya siku unapolipia maombi, kwenye tovuti ya OANDA. Shilingi ikiteleza hapo katikati unaweza kupungukiwa na hujagusa hata senti. Kwa hiyo weka ziada. Sio laki moja, weka ziada inayoonekana, na makato ya benki ya kila mwezi yahesabu humo humo.

Awamu ya pili nyumba nzima ilijua. Baba kachukua kalenda ya ukutani ya dukani anakata siku moja moja kwa wino kila baada ya isha. Mjomba katoa tangazo: "Hiyo hela ihesabuni kama ya wakfu, asiiguse mtu." Na kweli, zilikuja harusi mbili na mgonjwa mmoja katika hizo wiki nne, watu wakachanga kwingine. Mi nilifuta apu ya benki kwenye simu kabisa.

Nikiwaza sana naona shida haikuwa uzembe wangu peke yake. Ile sheria imetungwa na watu ambao hela kwao inalala. Kwetu hela hailali, ikikaa mahali wiki mbili tayari ina majina ya watu watano. Mtu wa kwetu kuonyesha ana uwezo ni kuonyesha anaweza kupiga simu saa nne usiku hela ikaja, wao wanataka kuona hela ambayo hakuna aliyeipigia simu mwezi mzima. Na si wote wanaoambiwa waambatanishe. Darasani nilikuwa na mwenzangu wa Botswana, nchi yao wakati ule ilikuwa kwenye orodha ya wale ambao kwa kawaida hawatumi stetimenti pamoja na maombi, wakitakiwa ndo wanaombwa. Hela lazima awe nayo, ila hakuna aliyemkagua kwa kalamu nyekundu. Tanzania haimo. Kenya pia haimo.

Mengine yalipita haraka. Eksirei ya kifua nilipiga kwenye kliniki wanayoitambua, cheti cha kifua kikuu kinafaa miezi 6, fanyeni mapema kwa sababu picha ikiwa na wasiwasi unapimwa makohozi na majibu yake yanaweza kula miezi miwili. Ada ya afya, wenyewe wanaiita IHS, pauni 776 kwa mwaka, na kwa sababu viza ya masta ya mwaka mmoja inavuka mwaka ikaja 1,164, hiyo unalipa yote kwa mpigo siku ya maombi na haimo kwenye zile 9,207, wengi hapo ndo wanashikwa. Nililipia tarehe 1 Agosti, alama za vidole nikatoa baada ya Nane Nane, mwisho wa Agosti pasipoti ikarudi na stika.

Na watakuja watu kukwambia wana akaunti ya kukodisha, unalipa asilimia wanakutengenezea stetimenti nzuri kuliko ya waziri. Usithubutu. Benki inaulizwa, na ukikamatwa na karatasi ya uongo hawakukatai tu, unaweza kufungiwa miaka 10 usiombe tena. Kukosa muhula mmoja unapona.

Nikafika Leeds, nikapewa kadi ya ukaazi, imeandikwa mwisho 31/12/2024 wakati kozi yangu inaisha Septemba 2025. Nikampigia picha baba nikamtumia, mzee hakulala. Kumbe kadi zote za wakati ule ziliandikwa hivyo maana walikuwa wanahamia kwenye viza ya kielektroniki, kadi inakufa, ruhusa yenyewe inaendelea. Wangeandika hata mstari mmoja nyuma yake basi.

Kuhusu kazi, hapa ndo ndugu wa nyumbani hawaelewi na mi siwalaumu. Masaa 20 kwa wiki wakati wa muhula, wiki inaanza Jumatatu inaisha Jumapili, haubebi masaa ya wiki hii kwenda ijayo. Kima cha chini kilikuwa pauni 11.44 kwa saa, ukipiga mara 20 ni 228 na senti, chumba changu peke yake pauni 520 kwa mwezi. Halafu watu wa masta mnajidanganya kiangazi ni likizo, sio likizo, unaandika tasnifu na hicho kipindi kinahesabika muhula, masaa ni yale yale 20 mpaka tarehe rasmi ya mwisho wa kozi. Na kujiajiri hairuhusiwi kabisa. Nilikuwa napika maandazi na viazi karai Jumamosi, Waswahili wa Leeds wananunua, biashara inatembea vizuri, mpaka kaka mmoja wa Mombasa akaniuliza "wewe una viza ya shule au ya mgahawa?" Nikaacha siku hiyo hiyo. Ndo maana pia hizi baiskeli za kupeleka chakula ni hatari kwa mwanafunzi, kule unahesabika umejiajiri, na ukipanda kwa akaunti ya mwenzako umeongeza kosa juu ya kosa.

Huyo kaka wa Mombasa mwenyewe alimwacha mke na mtoto wa miaka miwili. Kwa kozi zilizoanza 1 Januari 2024 na kuendelea, wa masta ya darasani haji na mke wala watoto, wanaobaki na hiyo nafasi ni wa PhD na masta za utafiti na wale wanaosomeshwa na serikali. Mtoto alikuwa akimwona kwenye simu anaifunika skrini na kiganja.

Sahivi niko kwenye viza ya waliohitimu, miaka miwili, nililipa pauni 880 ya maombi na 2,070 ya afya, na nilisubiri chuo kitoe taarifa kwanza kwamba nimemaliza ndo nikaomba, nikiwa hapa hapa na viza ya shule haijaisha. Watakaoomba kuanzia 1 Januari 2027 wanapata miezi 18 tu, wa PhD wanabaki na miaka mitatu. Huyu mtoto wa mjomba nimeshamwambia aiweke hiyo akilini, maana yeye atamaliza 2027.

Yeye tangu Novemba 2025 kiwango kilichopanda kinamhusu, pauni 1,171 kwa mwezi nje ya London, yani 10,539, na London ni 1,529, inafika 13,761. Mjomba safari hii kaweka kwa mtoto wake mwenyewe na kuna laki nane za ziada juu. Leo ni siku ya 11. Jana mama kanipigia, binamu yetu wa Korogwe anaoa mwezi huu na kamati imeshapanga majina, dogo kaandikiwa laki tatu. Nikamwambia mama wamfute, waandike langu.