Mbio, Makasia na Majina ya Baba

Niliingia kidato cha tano kwa mikono, si kwa kichwa. Kwa miaka mingi sikulisema jambo hili mbele ya wanafunzi wangu, kwa kuwa mwalimu anayewahimiza watoto wakeshe na vitabu hapendi ijulikane kwamba yeye mwenyewe alipungukiwa na alama akabebwa. Lakini wiki mbili zilizopita binti mmoja ninayemnoa katika mbio hapa Mbale aliniuliza swali ambalo nisingeweza kulijibu kwa uaminifu bila kuanzia hapo. Ni mtoto wa Kapchorwa, yuko kidato cha sita, hukimbia mita 1,500, na kaka yake amemwambia kwamba vyuo vikuu vyenye jina kule Marekani huwachukua wanariadha. “Mwalimu,” aliniuliza jioni tulipokuwa tukikusanya vifaa uwanjani, “wale wa Harvard wanaangalia miguu, au wanaangalia jina la baba?”

Nilimwambia kwamba wanaangalia vyote viwili, nikaahidi kumweleza vizuri nikishapata nafasi. Haya ndiyo maelezo yenyewe.

Baba yangu alikuwa sajini wa polisi, nasi tulilelewa kambini Jinja, mahali ambapo watoto wa Kiacholi, Kiteso, Kilugbara na Kisamia waligombana na kupatana kwa Kiswahili kimoja. Nilikuwa kipa. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka, yalipungua kwa alama tatu kuliko kiwango kilichotakiwa na shule niliyoitamani, shule kongwe ambayo sitaitaja. Kocha wa shule hiyo alikuwa ameniona nikidaka penalti mbili katika mashindano ya shule, akaahidi kunisemea kwa mkuu wa shule. Wakati huohuo afisa aliyekuwa mkubwa wa baba yangu kambini, naye akiwa mhitimu wa shule ileile, aliandika kimemo cha mistari minne na kumpa baba akipeleke. Nilipokelewa, tena kwa nusu karo. Hadi leo sijui ni kocha au ni kimemo kilichofungua lango lile, na rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja, ambaye alinishinda hesabu katika kila muhula wa miaka minne, hakupata nafasi, kwa kuwa hakudaka mpira wala baba yake hakuwa na mkubwa wa kumwandikia.

Ninaeleza hayo kwa sababu wengi wetu tunapozungumza juu ya kujuana, tunadhani ni ugonjwa wa kwetu, na kwamba ng'ambo mambo huenda kwa haki ya alama. Kesi iliyofunguliwa dhidi ya Harvard mwaka 2014, ikasikilizwa Boston mwaka 2018 na kufika Mahakama ya Juu ya Marekani, iliwalazimisha wenye chuo kutoa takwimu zao za udahili, na takwimu hizo zinafundisha. Wanauchumi waliozichambua, wakiongozwa na Peter Arcidiacono, walionyesha kwamba mwanariadha aliyeombwa na kocha alikuwa na uwezekano wa asilimia 86 wa kupokelewa. Mtoto wa mhitimu alikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 33. Mwombaji asiye na kocha, asiye na mzazi aliyesoma pale, asiye mtoto wa mfanyakazi wa chuo wala asiye kwenye orodha maalumu ya mkuu wa udahili, ambako majina ya watoto wa wafadhili huandikwa, alibaki na uwezekano usiofika asilimia 6.

Miongoni mwa wanafunzi weupe waliopokelewa katika miaka iliyochunguzwa, asilimia 43 walitoka katika makundi hayo manne yenye upendeleo, na wachambuzi walikadiria kwamba takriban robo tatu yao wangekataliwa kama wangepimwa kama waombaji wengine. Nilipoisoma takwimu hiyo kwa mara ya kwanza nilikumbuka kimemo cha baba yangu. Tofauti ni kwamba chetu kilikunjwa na kutiwa mfukoni, ilhali chao kina kisanduku chake rasmi kwenye fomu.

Mwaka 2023 Raj Chetty, David Deming na John Friedman walichapisha uchunguzi juu ya vyuo 12 vya daraja la juu kabisa, yaani vyuo vinane vya Ivy League, kundi la vyuo vyenye jina ambalo Harvard na Princeton vimo, pamoja na Stanford, MIT, Duke na Chicago. Waliwalinganisha watoto wenye alama zilezile za mtihani wa kujiunga, wakakuta kwamba mtoto wa familia iliyo katika asilimia 1 ya matajiri wa juu ana uwezekano zaidi ya mara mbili wa kusoma katika vyuo hivyo kuliko mtoto wa tabaka la kati. Katika udahili wenyewe waliona mambo matatu yanayoleta tofauti hiyo: upendeleo kwa watoto wa wahitimu, uzito unaopewa sifa zisizo za darasani, na uandikishaji wa wanariadha.

Hilo la tatu ndilo linalomshangaza Mganda. Kwetu, michezo ni mlango wa mtoto wa maskini. Hakuna mtoto wa waziri anayepanda mteremko wa Mlima Elgon kabla ya jua kuchomoza ili apate basari. Stephen Kiprotich aliyeleta dhahabu ya marathoni kutoka London mwaka 2012, Joshua Cheptegei bingwa wa mbio ndefu, na Peruth Chemutai aliyeshinda mbio za kuruka viunzi na maji huko Tokyo, wote ni watoto wa Sebei, eneo la mlima huohuo, na mtu yeyote aliyefika kule anajua kwamba mbio hazikuhitaji kitu zaidi ya njia ya vumbi, hewa nyepesi na ukaidi. Je, inakuwaje basi michezo ileile ikawa ngazi ya tajiri kwa wenzetu?

Jibu limo katika orodha ya michezo yenyewe. Harvard ina timu 42 za daraja la juu, nyingi kuliko vyuo vingi vyenye viwanja vinavyojaa watu kila Jumamosi, na miongoni mwazo kuna kupiga makasia, kupigana kwa vitara, skwoshi, lakrosi, polo ya majini na mashua za matanga. Mtoto hajifunzi vitara kichochoroni. Anahitaji klabu, mwalimu wa kulipwa, vifaa, na mzazi mwenye muda wa kumsafirisha kutoka mashindano hadi mashindano tangu akiwa na miaka minane. Kocha anapochagua mpiga makasia hodari, anachagua kwa haki kabisa kati ya wale waliofika mbele yake. Uteuzi wa kweli ulishafanyika miaka 10 nyuma, kwenye ada ya klabu.

Nimekulia Jinja, na nimewaona vijana wa mwalo wa Masese wakipiga makasia tangu alfajiri hadi migongo yao ikawa kama mbao, katika ziwa ambalo halina mchezo. Kama makasia peke yake yangetosha, Masese ingekuwa imejaa barua za Princeton. Mganda wa kwanza kushindana katika makasia kwenye Olimpiki, Kathleen Noble, ambaye alizaliwa hapa kwa wazazi wamisionari kutoka Ireland, alianza mchezo huo akiwa tayari mwanafunzi wa Princeton, kisha akatuwakilisha Tokyo. Ninampongeza kwa dhati, ila safari yake inaonyesha chombo kile cha makasia kinakopatikana.

Kwa kuwa orodha ya kocha ina nguvu kiasi hicho, haikuchukua muda akatokea mtu wa kuiuza. Mnamo Machi 2019 waendesha mashtaka wa Boston waliwashtaki watu 50 katika mpango wa William Rick Singer, mshauri wa udahili kutoka California, ambaye aliwaeleza wateja wake kwamba mlango wa mbele ni wa wanaostahili, mlango wa nyuma ni wa wanaotoa misaada mikubwa kwa chuo bila uhakika wa kupokelewa, na kwamba yeye alikuwa amejenga mlango wa pembeni. Mlango huo ulikuwa makocha. Mwigizaji Lori Loughlin na mumewe walilipa dola 500,000 ili binti zao wawili waingie Chuo Kikuu cha Southern California kama wapiga makasia, na mabinti hao walipigwa picha juu ya mashine za mazoezi ingawa hawakuwa wachezaji wa mchezo huo. Kocha wa tenisi wa Georgetown, wa soka wa Yale na wa mashua za matanga wa Stanford wote walinaswa. Singer alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu mnamo Januari 2023.

Wengi waliichukulia habari ile kama kashfa ya wahuni wachache. Mimi naiona tofauti. Hakuna mtu anayeghushi noti isiyonunua kitu. Wazazi wale walighushi upigaji makasia kwa sababu upigaji makasia, katika soko lile, ulikuwa fedha halali. Mbona hawakuwaghushia mabinti zao ukimbiaji wa mbio ndefu? Sina hakika, lakini nashuku kwamba mbio zina saa, na saa ni shahidi mgumu kuhongwa.

Upendeleo wa damu, yaani ule wa watoto wa wahitimu, nao una historia yake. Vyuo vikubwa vya Marekani viliuanza katika miaka ya 1920, wakati wakuu wake walipokuwa wakitafuta namna ya kupunguza idadi ya wanafunzi wa Kiyahudi waliokuwa wakiingia kwa alama nzuri. Ni miaka ileile ambayo hapa kwetu Makerere ilikuwa ikianza, mwaka 1922, kama shule ya ufundi yenye vijana 14. Wala tusijione wasafi: King's College Budo ilifunguliwa mwaka 1906 kwa ajili ya wana wa machifu na wakubwa wa Buganda, na kwa muda mrefu elimu ya juu katika nchi hii ilipita kwenye koo chache kabla ya kuwafikia watoto wa makuli na askari.

Serikali yetu ilijaribu kuupanga upendeleo kwa kuuandika. Katika nafasi 4,000 za ufadhili wa serikali katika vyuo vikuu vya umma, sehemu kubwa hugawanywa kwa alama za kitaifa, nyingine kwa mgao wa wilaya, 64 kwa wenye ulemavu na 40 kwa wanamichezo. Arobaini kwa nchi nzima! Ni chache mno, lakini angalau mtoto anayezitaka anajua zipo na anajua cheti kipi apeleke. Vyuo vya binafsi, Ndejje kikiwa mfano unaojulikana, vimekuwa vikiwakaribisha wanamichezo kwa basari nyingi zaidi. Kasoro zetu ziko kwingine. Ziko katika mgao wa wilaya unaochukuliwa na mtoto aliyesoma Wakiso, jirani na Kampala, maisha yake yote lakini ana babu kijijini, malalamiko tuliyoyasikia mwaka baada ya mwaka. Ziko pia katika wale tunaowaita mamluki, vijana wanaoletwa shuleni muhula wa mashindano, wakafunga mabao, na kuachwa bila cheti kombe likishaingia kabatini. Nimewafundisha vijana wa namna hiyo, na ninaona aibu kwamba baadhi yao niliwapangia mazoezi ya asubuhi wakati wenzao wakiwa darasani.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotoa hukumu ya kesi ile ya Harvard tarehe 29 Juni 2023, ilipiga marufuku kuangalia rangi ya mwombaji na kuuacha upendeleo wa watoto wa wahitimu ulivyo. Hilo liliwachoma wengi, na mambo yakaanza kusogea. Chuo cha Amherst kilikuwa kimekwisha kuufuta mwaka 2021, Johns Hopkins hata kabla ya hapo, na MIT haiufuati kabisa bila majengo yake kuporomoka kwa kukosa wafadhili. Mwaka 2024 jimbo la California lilipitisha sheria ya kuukataza hata katika vyuo vya binafsi. Orodha za makocha hazijaguswa, na sidhani kama zitaguswa karibuni.

Mimi sipingi upendeleo wa michezo. Ningekuwa mnafiki. Ninachokipinga ni kuuita wa michezo wakati mchezo wenyewe una kiingilio, na ningependa chuo chochote kinachojisifu kwa wanariadha wake kieleze ni wangapi kati yao waliofika kwa mchezo ambao mtoto wa shamba angeweza kuucheza. Upendeleo wa ukoo siwezi kuutetea hata kidogo, ingawa huenda ndio uliokilipia nusu ya kitanda changu cha bweni.

Jumamosi binti yule alikuja nyumbani na simu ya kaka yake, tukakaa barazani. Nilimweleza kwamba vyuo vya Ivy League havitoi basari ya michezo, bali husaidia kwa kuangalia kipato cha familia, na kwamba vyuo vingine vingi vya Marekani visivyo na majina makubwa hulipia wanariadha moja kwa moja. Nilimweleza pia kwamba kocha wa ng'ambo hataamini saa yangu ya mkononi na uwanja wetu uliochorwa kwa majivu, kwa hiyo itabidi tushuke Kampala, akimbie kwenye mashindano yenye saa ya umeme. Alisikiliza, akaandika yote kwenye daftari la kemia.

Kisha tulianza kujaza fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vyao. Mtandao ulikatika mara mbili. Tulipofika kwenye sehemu inayouliza baba alisoma wapi na alifikia kiwango gani, alinitazama, kisha akatazama mlima. Nikamwambia aandike ukweli. Aliandika kwamba baba yake aliishia darasa la saba, akanirudishia simu, akaniomba nimtafutie ukurasa wa michezo.