Bomba lina bajeti, mto hauna

Jumamosi tulikuwa na mkutano wa mtaa, chini ya ule mwembe nyuma ya ofisi ya mwenyekiti, ajenda kubwa ikiwa maji. Mi niliwahi. Huku kwetu mlimani maji ni ya mgao, yanakuja saa nane usiku tena kwa presha ndogo, unaamka unakinga ndoo na madumu mpaka alfajiri halafu siku tatu hakuna kitu, sasa ukisikia kuna mtu anakuja kuongelea maji lazima uende hata kama jua linachoma utosi.

Diwani alieleza vizuri kwa kweli, na mengi aliyosema ni habari njema. Chanzo kipya cha Butimba kinazalisha lita milioni 48 kwa siku, hiyo ni nyongeza juu ya Capri Point ambayo imebeba jiji hili miaka mingi. Akaeleza pia kwa nini chanzo kikubwa peke yake hakitoshi, maana Mwanza ni mji wa mawe, nyumba zimepanda milima, kwa hiyo maji yakishatoka kwenye mtambo lazima yasukumwe na pampu hadi tenki la juu ndipo yateremke kwa watu, na pasipo tenki wala pampu ya kutosha wa bondeni wanaoga sisi wa juu tunasikia upepo tu kwenye bomba. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, na nilimaanisha.

Halafu mama mmoja anayeuza vitumbua kule barabarani akanyoosha mkono akauliza, "Mheshimiwa, na mto je?"

Alikuwa anauliza Mirongo. Kama hujafika Mwanza, Mirongo ni mto unaokatiza katikati ya jiji, unapita Mabatini, unapita mjini, unaingia ziwani. Mvua ikinyesha saa moja tu unafura, maji meusi, chupa za plastiki, pampasi, mabaki ya sokoni, na wapo watu wanaosubiri mvua hiyohiyo ili watapishe vyoo, maana kwenye mwamba shimo halichimbiki likaenda chini, linajaa upesi, na gari la kunyonya halipandi vile vichochoro. Simtetei anayetapisha, watoto wanacheza kwenye hayo maji jamani. Ila ukweli ni kwamba mtu hana pa kupeleka. Kuna mitaa ya mlimani hapa jijini imewekewa mfumo rahisi wa majitaka, yale mabomba membamba yanayopita juu ya mawe nyumba kwa nyumba, na dawa ni kwenda na hilo mpaka mitaa yote ifikiwe.

Jibu la diwani lilikuwa fupi: "Mto ni wa watu wa bonde." Akaendelea na ajenda ya ulinzi shirikishi.

Hapo ndipo mi nilikwama na sijatulia mpaka leo naandika hii. Ni kweli kwenye makaratasi mto uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ndio hao watu wa bonde, ofisi zao ziko hapahapa Mwanza. Maji ya mjini yana mamlaka yake, ya vijijini yana wakala wake, RUWASA, tangu sheria ya mwaka 2019 iwatoe wahandisi wa maji wa wilaya mikononi mwa halmashauri na kuwapeleka upande wa wizara. Kwa hiyo diwani anaweza kabisa kusema maji si yake. Lakini kiwanja kinachopimwa pembeni ya mto kimepimwa na nani? Kibali cha ujenzi kinatoka wapi? Taka zinazolala siku nne kwenye ghuba la taka juu ya mtaro nani anatakiwa kuzizoa? Sheria ndogo za kulinda kingo anatunga nani kama si baraza la madiwani? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa pasiwe na shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira, na hizo mita 60 ziko ndani ya kata, zina mwenyekiti, zina mtendaji, zina diwani wake.

Nisingekuwa na uchungu hivi kama nisingekulia Magu. Kwa bibi yangu ni upande wa mto Simiyu, ule unaovukwa na barabara ya kwenda Musoma. Kiangazi unaonekana kama barabara ya mchanga, watu wanachimba visima vidogo humo ndani kuchota maji, masika unakuja mwekundu kama supu ya maharage. Bibi alikuwa anasema zamani ulikuwa haubebi udongo kiasi hicho, kulikuwa na mikuyu pande zote mbili na matete huku chini mtoni, na mtu hakuruhusiwa kukata mkuyu hovyo. Leo kingo zote ni mashamba mpaka mdomoni. Mjomba wangu naye analima hapo, mahindi na viazi, na masika ya mwaka jana ukingo ulimeguka ukaondoka na matuta yake kama manane hivi.

Nilienda kumsalimia Desemba nikaanza kumhubiria hizo mita 60. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akaniambia, "Mwanangu, hizo mita sitini ndiyo sehemu yangu pekee yenye unyevu. Huko juu mvua ikikosa wiki tatu mahindi yamekwisha. Mkiniondoa hapa mnanipeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Nimelifikiria sana swali lake na naona mipango mingi ya kurudisha uoto inafia hapohapo, wanakuja watu wanasimika bikoni, wanapiga picha wakipanda miche, wanaondoka, mwezi wa nane ng'ombe wameshakula miche yote na mjomba amerudi kulima maana tumbo lipo palepale.

Wakati Wasukuma tuna mfano wetu wenyewe, tena mkubwa. Ngitili. Wazee walikuwa wanatenga eneo la malisho, linafungwa masika, ng'ombe hawaingii, linafunguliwa kiangazi nyasi zikiadimika kwingine. Shinyanga ilikuwa imebaki karibu jangwa, na mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, hifadhi ardhi, na kilichoufanya ukafanikiwa kwa maoni yangu ni kwamba hawakuja na kitu kigeni, walirudi kwenye ngitili, wakaacha vijiji na familia vimiliki, na dagashida, yaani baraza la kimila, likawa linaamua nani kavunja na analipa faini gani. Kutoka hekta kama 600 zilizokuwa zimebaki zikafika zaidi ya laki tatu ndani ya miaka isiyozidi ishirini. Na sehemu kubwa haikuwa kupanda miti, ni kuiacha ardhi ipumue, visiki vikachipua vyenyewe. Kuni zikapatikana, dawa, asali, nyasi za kuezekea. Mtu alilinda kwa sababu alikuwa anapata.

Sasa kwa nini ukingo wa mto usiwe ngitili? Panda majani ya tembo pale pale kwenye mita 60, mizizi inashika udongo, mjomba anakata anauza au analisha ng'ombe zake ndani. Panda mikuyu, acha matete na mafunjo yarudi huko mlangoni mwa ziwa maana ndiyo chujio, tope linakwama humo kabla ya kufika kwenye maji ya wazi. Isipandwe mikaratusi, inakunywa sana. Halafu badala ya hayo matuta anayoyapoteza, mjomba apewe kisima kifupi na pampu ya sola awagilie huko juu.

Hela? Tope tayari tunalilipia. Maji yakiingia mtamboni yakiwa machafu zaidi inabidi kuongeza shabu ya kutuliza udongo, kuongeza klorini, kuosha machujio mara nyingi, na umeme wa yote hayo unaishia kwenye bili. Na miradi ndiyo kwanza inaongezeka. Ihelele kule Misungwi inapeleka maji ya ziwa Kahama na Shinyanga tangu 2009, sasa mpaka Tabora. Kuna mradi mkubwa wa kutoa maji Busega kwenda Bariadi mpaka Itilima na mbele huko, umefadhiliwa na Mfuko wa Tabianchi wa Kijani pamoja na Wajerumani, nafurahi sana maana naijua kiu ya mkoa wa Simiyu, lakini angalia ramani, Busega iko kwenye ghuba ya Speke, ghuba hiyohiyo ambamo mto Simiyu unamwaga udongo wake. Tunaweka mdomo wa bomba kwenye maji tunayoyachafua wenyewe kutokea nyuma.

Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa hiyo utaratibu wa kukata fungu kabla ya matumizi mengine upo na unaeleweka. Ninachoomba ni kifungu kidogo kwa ajili ya kingo, kila mwaka, kisomwe kwenye mkutano wa hadhara kama kinavyosomwa cha madarasa.

Nilimfuata mwenyekiti baada ya mkutano, nikamwambia ajenda ya mto iandikwe ijitegemee, isimezwe kwenye mengineyo. Alitoa daftari akaandika mbele yangu: Mto Mirongo, kingo na taka, aalikwe mtu wa bonde. Imekuwa namba tatu. Yule mama wa vitumbua ameshanipa namba yake, na amesema atakuja na wenzake wote wa barabarani.